Kidonda cha ulimi kina wiki sita: dawa nyingine au rufaa?

Shikamooni washauri,

Mimi ni tabibu, mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji wilayani Mufindi. Tuko wawili, mimi na muuguzi, na siku ya gulio wagonjwa hupita arobaini. Vidonda vya mdomoni naviona kila wiki: watoto wenye utando mweupe, wazee wenye meno yaliyovunjika, wanaoishi na VVU, wanafunzi wenye vidonda vidogo vinavyokuja na kuondoka. Wengi wanapona.

Kinachoninyima usingizi ni mzee mmoja wa miaka 58, mpasua mbao. Ana kidonda ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, nyuma kidogo, kinachozidi punje ya mahindi kwa ukubwa. Sasa ni wiki ya sita. Kabla hajafika kwangu alishapewa dukani amoksilini, kisha metronidazo, kisha dawa ya zambarau ya kupaka. Hakimuumi isipokuwa akila pilipili, ndiyo maana anasema nisimsumbue mpaka amalize kazi ya mbao. Ugoro anauweka ndani ya mdomo wa chini tangu ujana. Msimu wa ulanzi hakosi kikombe jioni, na ulanzi ukiisha anahamia komoni. Kuna jino lililovunjika upande uleule, na mkewe anaamini ndilo linalomkata. Nimempima VVU, hana.

Chuoni saratani ya kinywa tuliipitia kwa haraka sana, na hapa hatuna mtaalamu wa meno. Naomba mnieleze: nitatofautishaje kidonda cha kawaida na kile cha hatari? Je, nikate kinyama (kipande kidogo cha kidonda cha kupimwa maabara) mwenyewe nikitume? Nimpeleke wapi, na nimwambie nini akubali? Na kwa wagonjwa arobaini kwa siku, inawezekana kweli kuangalia kinywa cha kila mtu?

Tabibu, Mufindi

JIBU

Marahaba, daktari. Mzee huyo asipewe dawa nyingine. Apewe rufaa wiki hii, barua iandikwe wazi "tuhuma ya saratani ya kinywa, haraka", na wewe uhakikishe kwa simu kwamba amefika. Mengine tunayoandika hapa unaweza kuyasoma taratibu.

Hatusemi ana saratani. Hilo litasemwa na darubini. Tunachosema ni kwamba kidonda chake kimevuka muda ambao kidonda cha kawaida huruhusiwa kukaa. Ngozi laini ya ndani ya kinywa hujijenga upya upesi kuliko ngozi ya mkono, kwa hiyo mtu akijing'ata au akiungua kwa ugali wa moto, huwa amepona ndani ya siku 7 hadi 14. Kutokana na hilo tunapata kanuni moja tunayokuomba uibandike ukutani: kidonda, uvimbe, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, likipita wiki 2 tangu chanzo kinachoonekana kiondolewe na halionyeshi dalili ya kufunga, mgonjwa aende kwa mtu anayeweza kukata kinyama. Mwongozo wa Uingereza kwa madaktari wa familia unasema wiki 3 kwa kidonda kisichoelezeka. Sisi tunashikilia 2, kwa sababu kutoka kijijini njia yenyewe itaongeza nyingine mbili au tatu.

Saratani ya kinywa huwakwepa madaktari wa mstari wa mbele kwa namna inayojirudia. Mgonjwa mwenye kidonda hatafuti daktari wa meno. Anakwenda dukani, halafu zahanati, halafu kituo cha afya, na kila anapofika siku inahesabiwa kuwa ya kwanza. Kila mmoja anatoa kozi ya siku 5 au 7, na hakuna anayejumlisha. Antibayotiki humpa mgonjwa nafuu kidogo kwa kuwa hupunguza wadudu juu ya kidonda, basi wote wanaamini kinapona. Dawa ya zambarau inaleta shida yake: inaficha rangi, na rangi ndiyo nusu ya uchunguzi. Dawa za kupaka zenye steroidi nazo hutuliza wekundu huku chini yake kazi ikiendelea. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa kila mwenye kidonda cha mdomoni liwe "kilianza lini?", na jibu liandikwe kama tarehe. Mtu akikuambia "muda kidogo", muulize kama ni kabla au baada ya kupanda mahindi, kabla au baada ya Pasaka. Tarehe itapatikana.

Mambo manne katika maelezo yako yanatutia wasiwasi zaidi ya muda. La kwanza ni mahali. Ubavu wa ulimi kwa nyuma, na sakafu ya kinywa chini ya ulimi, ndizo sehemu saratani hii hupenda: ngozi yake ni nyembamba, na mate yaliyobeba kemikali za tumbaku na pombe hutuama hapo. La pili ni ugoro. Watu wengi huku kwetu huuona ni mwepesi kuliko sigara kwa kuwa hauna moshi, lakini tumbaku isiyo na moshi imethibitishwa kusababisha saratani ya kinywa. La tatu ni pombe. Ulanzi na komoni vina kilevi kilekile cha bia, mwili hukigeuza kuwa asetaldehaidi inayoharibu chembe za mwili, na kilevi chenyewe huifanya ngozi ya kinywa ipitishe sumu za tumbaku kwa urahisi. Vikikutana viwili, hatari huzidi ile ya kujumlisha kimoja na kingine. La nne ndilo linalomdanganya mzee wako: hakimuumi. Kidonda kidogo cha kawaida huuma sana. Saratani changa mara nyingi haiumi kabisa, na inapoanza kuuma, kupeleka maumivu sikioni au kukaza taya, huwa imeshazama.

Na jino je? Mkewe hajakosea kulifikiria. Kingekuwa kidonda cha siku nne, ungetafuta wa kulisawazisha ncha na kumwona tena baada ya siku 14. Chake kina wiki sita, kwa hiyo jino lisimpe muda mwingine wa kungoja. Liandike kwenye barua, wala lising'olewe njiani: kung'oa jino lililo jirani na uvimbe wenye mashaka kunafungua njia kwenye mfupa na kuvuruga mpango wa upasuaji. Ukikutana na mtu mzima mwenye jino moja lililolegea ghafla huku mengine yamekaza, au pengo lililong'olewa lisilofunga baada ya wiki kadhaa na nyama zinaota humo, mchukulie sawasawa na huyu.

Sasa namna ya kuangalia. Mweke mgonjwa dirishani au tumia tochi, vaa glovu, andaa gozi na vijiti viwili vya kubonyezea ulimi. Meno ya bandia yatolewe. Anza nje: je, uso umelingana pande zote mbili, mdomo wa chini una gamba lisilopona? (Kwa ndugu zetu wenye ualbino, mdomo huo uangaliwe kila wanapokuja, maana jua la nyanda za juu linawaunguza hata siku ya baridi.) Kisha shingo. Simama nyuma yake, pitisha vidole chini ya kidevu, chini ya taya, kandokando ya msuli mkubwa wa shingo mpaka juu ya mtulinga. Tezi la maambukizi huwa laini na linauma. Tezi gumu, lisiloumia, lisilosogea, ni la kuogopa.

Ndani, vuta mdomo wa chini na wa juu utazame upande wa ndani na mfereji ule anakoweka ugoro. Hapo utakuta mara nyingi ngozi nyeupe iliyokunjamana. Tumia vijiti viwili kufungua shavu moja, kisha la pili, na upitie fizi zote. Halafu fika kwenye ulimi, ambako wengi huharakisha. Kumwambia mgonjwa autoe ulimi hakutoshi, kwa sababu ubavu wa nyuma haujitokezi hivyo. Shika ncha yake kwa gozi, uvute taratibu mbele na upande wa kulia huku kijiti kikisukuma shavu la kushoto, mpaka uone unapokutana na koo. Rudia upande wa pili. Mwambie agusishe ncha ya ulimi kaakaani uone chini yake. Malizia na kaakaa gumu, kaakaa laini na tonsili akisema "aaa".

Kuona peke yake hakutoshi. Gusa. Kidole kimoja ndani kwenye sakafu ya kinywa na mkono mwingine nje chini ya taya, vikutane. Kwa kidonda chenyewe, bonyeza ukingo wake kwa kidole: kidonda cha kawaida ni laini kama nyama iliyo jirani, cha saratani mara nyingi kina ugumu unaoenea zaidi ya pale macho yanapoishia, na ukingo wake umeinuka na kujikunja. Pima kwa rula, milimita ngapi kwa ngapi. Ukizoea, yote haya hayazidi dakika 3 hadi 5.

Kuhusu vinavyofanana: utando wa fangasi hufutika kwa gozi na kuacha wekundu chini, na baada ya dawa ya fangasi siku 7 hadi 14 unatakiwa uwe umekwisha. Mpime VVU na sukari mgonjwa huyo. Vidonda vidogo vinavyojirudia huwa vya duara, vina kitako cha njano na mzunguko mwekundu, vinauma, na huenda vyenyewe. Doa la zambarau kaakaani kwa mwenye VVU laweza kuwa saratani ya Kaposi, naye pia ni wa rufaa. Kaswende na kifua kikuu vyaweza kuleta kidonda mdomoni, kwa hiyo kipimo cha kaswende na maswali ya kikohozi visisahauliwe, ila visicheleweshe safari. Doa jeupe lisilofutika linaweza kukaa miaka bila kugeuka saratani, na linaweza kugeuka. Doa jekundu kama mahameli lisilo na sababu ni baya zaidi ingawa watu huliona dogo: mengi ya hayo, yakikatwa kinyama, hukutwa tayari na mabadiliko ya saratani au saratani yenyewe.

Kinyama usikate zahanati. Tunajua nia yako ni kuokoa muda, lakini ulimi una mishipa mikubwa ya damu, na kinyama kikichukuliwa vibaya hupoteza muda mwingi kuliko rufaa. Makosa tunayoyajua ni haya: kukata katikati ya kidonda penye nyama iliyokufa, jibu likarudi halina maana; kuondoa kidonda chote kwa nia njema, mpasuaji akakosa alama ya mpaka wake; kuweka kinyama kwenye maji ya chumvi au spiriti, kikaharibika kabla ya kufika maabara. Anayejua hukata ukingoni, kwa ganzi, kipande cha angalau milimita 5 chenye sehemu ya nyama nzima na sehemu ya kidonda, chenye kina, na kukiweka kwenye formalini ya asilimia 10 yenye ujazo mara 10 ya kinyama. Yajue haya ili umweleze mgonjwa.

Mpeleke wapi? Fuata ngazi, lakini usiache ngazi zimle muda. Kabla hajaondoka, piga simu hospitali ya wilaya uulize swali moja: je, kuna mtu wa kukata kinyama cha ulimi wiki hii? Kama hakuna, omba rufaa yake ipite moja kwa moja idara ya kinywa na meno ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Iringa mjini, takriban kilomita 80 kutoka Mafinga. Kwa wenzako wa upande wa Mbeya, Rungwe na Chunya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo ya kuulizia. Saratani ikithibitika, upasuaji mkubwa wa kinywa na uso unafanyika Muhimbili, na mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi kwa kawaida ni siku 5 kwa wiki kwa muda wa wiki 6 hivi, kwa hiyo familia ianze mapema kuuliza ni ndugu gani wa Dar atampokea, na bima yake inalipa nini.

Barua yako iwe na tarehe kidonda kilipoanza, mahali, milimita, ukingo na ugumu, matezi ya shingo, ugoro miaka mingapi, pombe, dawa alizopewa na lini, majibu ya VVU, presha, sukari, na kama anameza dawa za kuzuia damu kuganda. Weka namba ya simu yake na ya ndugu mmoja. Mpige picha kidonda kwa ridhaa yake, rula ikiwa pembeni.

Kumshawishi ni kazi ya kuifanya umekaa naye, mkewe akiwepo. Usimwambie ana saratani, wala usimfiche neno hilo akalisikie kwa mara ya kwanza koridoni. Unaweza kusema hivi: "Mzee, kidonda hiki kimekaa kuliko kidonda cha kawaida. Kinaweza kuwa kitu kidogo, kinaweza kuwa saratani. Kwa macho siwezi kujua, wala dawa haiwezi kuniambia. Kikikatwa kinyama tutajua. Na kama ni saratani, ukubwa huu wa sasa ndio unaotibika." Atakuuliza kuhusu kisu, kwa kuwa imani kwamba saratani ikiguswa inasambaa imeenea sana. Mjibu bila kumdharau: waliowahi kumwona mtu amepasuliwa na kufa muda mfupi baadaye, mara nyingi walimwona mtu aliyechelewa. Kukata kinyama hakuisambazi saratani. Kinachoisambaza ni muda, na saratani ya ulimi huwahi kufika kwenye matezi ya shingo hata ikiwa ndogo.

Mpe na hesabu. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba kati ya wagonjwa wa saratani ya kinywa na koo waliogunduliwa kabla haijatoka pale ilipoanzia, zaidi ya 8 kati ya 10 wanakuwa hai baada ya miaka 5. Ikishasambaa mbali mwilini, wanabaki takriban 4. Kwetu huduma ziko mbali zaidi, jambo linaloongeza uzito wa kuwahi. Ya mbao pia yazungumzwe kwa heshima, kwani ndiyo riziki yake. Kidonda kidogo huenda kikamtoa kazini wiki chache kwa upasuaji tu. Kikubwa kitataka kukatwa ulimi zaidi, pengine na taya, kisha mionzi.

Akiondoka, fungua daftari la rufaa lako mwenyewe, mbali na vitabu vya MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya): jina, simu, tarehe ya kuondoka, alikopelekwa, tarehe ya kufika, tarehe ya kinyama, jibu. Piga siku ya 7. Hakufika? Mtume mhudumu wa afya ngazi ya jamii nyumbani. Piga tena kuulizia jibu, kwa sababu karatasi za maabara hukaa kwenye droo wakati mgonjwa anangoja kijijini akiamini kimya maana yake ni salama.

Wagonjwa arobaini kwa siku, hapana, huwezi kuangalia kila kinywa, na hatukuombi. Chagua wenye miaka 40 na zaidi wanaotumia tumbaku kwa namna yoyote au kunywa pombe mara kwa mara, wote walio kliniki ya VVU, na yeyote, hata kijana, mwenye lalamiko la mdomo, koo, sikio la upande mmoja au tezi la shingo. Kliniki za presha na sukari ni nafasi nzuri, maana watu hao wanakuja hata hivyo. Na usijione mdogo kwa kukosa shahada ya meno. Huko Kerala, India, kuanzia mwaka 1996, watu zaidi ya 190,000 waliingizwa kwenye utafiti ambapo wahudumu wasio madaktari, waliofundishwa kutazama kinywa kwa macho na tochi, waliwatembelea takriban nusu yao majumbani, nusu nyingine wakiwa wa kulinganisha nao. Baada ya miaka 15 ya kufuatiliwa, vifo vya saratani ya kinywa kwa watumiaji wa tumbaku au pombe vilikuwa vimepungua kwa takriban robo. Kwa wasiotumia, faida haikuonekana, ndiyo maana tunakuambia uchague. Mfundishe muuguzi wako pia, na uzungumze na wauza maduka ya dawa wa kijijini: mtu akirudi mara ya pili kwa kidonda kilekile, wasimuuzie, wamlete kwako.

Jambo la mwisho, maana limewapoteza wengi. Jibu likirudi "hakuna saratani" na kidonda bado kipo, kigumu vilevile, usimfungie faili. Huenda kinyama kilikatwa mahali pasipofaa. Mrudishe akakatwe tena, ukiandika kwenye barua kwamba hii ni mara ya pili na kwa nini.